Mseto wa injini za treni za mfano

Mseto ni ufundi wa kuunda kichwa cha treni cha mfano kwa vipuri vya modeli mbili au zaidi zilizotoka kiwandani, pamoja na vikorokoro vya kawaida vya nyumbani na vya mafundi. Haufanani na kuunganisha seti ya vipande, ambayo kila kipande kina nafasi yake kwenye karatasi ya maelekezo. Wala si kuchonga kila kitu kwa mkono kuanzia mwanzo. Fundi wa mseto hukata, hubandua na kubandika mpaka chesisi ya injini moja ibebe mwili wa nyingine. Ufundi huu hutumika hasa kwa reli ndogo, kwa sababu viwanda vya modeli hutengeneza treni zinazouzika kwa wingi Ulaya, Marekani na Japani, na reli ya maili chache iliyokufa miaka mingi iliyopita haina soko.

Reli za Unguja

Unguja imewahi kuwa na reli mbili. Ya kwanza ilijengwa mwaka 1879 na Sultan Barghash bin Said, kutoka kasri lake la mjini hadi Chukwani, maili 7. Mwanzo mabehewa yake mawili yalikokotwa na nyumbu. Mwaka 1881 Sultan aliagiza kutoka kiwanda cha Bagnall, huko Stafford, Uingereza, kichwa kidogo cha magurudumu manne kilichobeba maji yake chenyewe. Barghash alifariki mwaka 1888, na reli yake ikang'olewa.

Ya pili ndiyo inayokumbukwa zaidi. Kampuni ya Kimarekani ya Arnold, Cheney & Co. iliijenga mwaka 1905 kutoka Ngome Kongwe hadi Bububu, nayo pia ilikuwa na urefu wa maili 7, kwa geji ya futi 3. Treni ilipita katikati ya nyumba za mji, karibu kabisa na milango ya watu, kabla ya kushika njia ya kaskazini. Cheche za injini zilitoboa nguo za abiria na kuwasha vichaka vya pembeni ya njia, na malalamiko hayakwisha. Pamoja na hayo, wenye nafasi waliwekewa behewa lao la daraja la kwanza. Serikali iliinunua reli hiyo mwaka 1911. Barabara ilipokuwa nzuri na magari yakaongezeka, treni za abiria zilisimamishwa mwaka 1922, na reli ikabaki kubeba mawe kwa miaka michache kabla ya kufungwa kabisa.

Kwa mwenye kuunda modeli, reli ya Bububu ina faida moja kubwa: picha zake zipo. Zanzibar ya wakati huo ilikuwa na studio za wapiga picha kama A. C. Gomes na ndugu wa Coutinho, na kadi za posta zenye picha za mji zilienea duniani. Reli ya Chukwani haina bahati hiyo.

Skeli na geji

Skeli ni uwiano wa modeli na kitu halisi. Geji ni upana kati ya reli mbili. Zinazotumika zaidi ni HO (1:87, geji ya milimita 16.5) na N (1:160, geji ya milimita 9). Ndogo kabisa kati ya zile za madukani kwa muda mrefu ilikuwa Z (1:220), iliyotolewa na Märklin wa Ujerumani mwaka 1972.

Reli nyembamba huleta hesabu nyingine. Muundaji hachukui injini ya skeli yake. Huchukua chesisi ya skeli ndogo zaidi na kuivisha mwili mkubwa. Bububu inafaa sana kwa njia hii. Mwaka 1957 kampuni ya Tri-ang ya Uingereza ilileta treni za milimita 3 kwa kila futi, yaani 1:101.6. Kampuni iliziacha baadaye, lakini wapenzi wake wakaanzisha chama chao mwaka 1965 na skeli ikaendelea kuishi. Futi 3 kwa skeli hiyo ni milimita 9 kamili, na hiyo ndiyo geji ya N, ambayo chesisi zake zinapatikana kwa urahisi. Kwa hiyo treni ya Bububu hukaa juu ya reli ya N bila kudanganya hata unywele mmoja. Njia nzima ya maili 7, kama mtu angekuwa na ukumbi wa kuitandaza, ingekuwa na urefu wa mita 111 hivi.

Kazi yenyewe

Kazi huanza kwenye picha. Kipimo kinachojulikana kwa hakika ni geji, milimita 914, na vingine hukadiriwa kwa hicho. Kwenye picha iliyopigwa kutoka mbele, kama reli zimeachana milimita 18 na boila iliyo juu yake ina upana wa milimita 20, basi boila halisi ilikuwa na kipenyo cha milimita 1,016 hivi, na ya modeli itakuwa na milimita 10. Mrija wa kalamu ya maka unakaribia kipimo hicho. Picha ya upande husomwa kwa tahadhari, maana kilicho mbali na kamera huonekana kidogo kuliko kilivyo.

Chesisi huchaguliwa kwa magurudumu. Gurudumu la milimita 8 la injini ya kupangia mabehewa ya skeli ya N, kama za Kato wa Japani, huwa sawa na gurudumu la milimita 813, ambalo linafaa kwa kichwa kidogo cha tangi. Mwili wake wa asili huondolewa. Kibanda cha dereva hukatwa kutoka kwenye modeli kubwa zaidi, kwa msumeno mwembamba, kisha kingo husawazishwa kwa tupa na msasa. Plastiki hushikamana kwa gundi inayoyeyusha plastiki yenyewe. Chuma na plastiki huhitaji gundi ya Araldite. Supaglu hukauka haraka mno na haimpi mtu nafasi ya kusogeza kipande kilichokaa upande.

Mota nyingi hutumia umeme wa volti 12 unaopita ndani ya reli zenyewe, na ncha zake zikigeuzwa treni hurudi nyuma. Fundi simu yeyote wa soko la Darajani, Unguja, mwenye pasi ndogo ya kulehemu anaweza kuunganisha nyaya hizo. Kasoro ya kawaida ya injini za mseto ni wepesi: magurudumu huzunguka na treni haivuti. Dawa ni risasi ndani ya boila, na chubwi za wavuvi, zikipondwa, zinatosha kabisa. Rangi hupulizwa mwisho, tabaka jembamba baada ya jembamba. Hewa ya chumvi ya pwani huchafua reli upesi, kwa hiyo hupanguswa kwa spiriti mara kwa mara.

Garratt

Injini za mvuke zilizo maarufu kuliko zote Afrika Mashariki ni Garratt za daraja la 59 za Shirika la Reli la Afrika Mashariki. Zilikuwa 34, zikatengenezwa na Beyer Peacock wa Manchester mwaka 1955 na 1956, na kila moja ilikuwa na uzito wa tani 250 hivi. Zilipewa majina ya milima. Mount Gelai ipo katika Jumba la Makumbusho ya Reli, Nairobi. Kwa mseto, Garratt hupatikana kwa chesisi mbili zinazofanana zinazopeana migongo, na boila ikaning'inizwa katikati.

Vichezeo vya kienyeji

Magari ya waya na ya makopo, yenye magurudumu ya kandambili kuukuu, ni mseto wa aina yake na huundwa na watoto kote pwani.

Hali ya sasa

Vipuri vya modeli huagizwa nje, na gharama ya usafirishaji mara nyingi huzidi bei ya kitu chenyewe. Nafuu ipo kwa treni mpya: treni ya umeme ya reli ya kisasa, inayovutwa na vichwa vya Hyundai Rotem, ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024. Geji yake ya milimita 1,435 ni sawa na reli ya HO, kwa hiyo modeli yake, tofauti na zile za treni za zamani za ukanda huu, inaweza kukaa juu ya chesisi ya HO bila geji kubadilishwa.