Hesabu ya Mvua na Kumbukumbu ya Wakulima katika Ufipa

Nchi ya Ufipa ni uwanda ulioinuka baina ya maziwa mawili, Tanganyika upande wa magharibi na Rukwa upande wa mashariki. Mji wa Sumbawanga umekaa katika kimo cha yapata mita 1,800, na Ziwa Rukwa liko karibu mita 1,000 chini yake. Ziwa hilo halina mto utokao. Maji yaletwayo na mito kama Songwe, Momba na Rungwa hukauka kwa jua. Kwa hiyo ziwa lenyewe ni kipimo cha mvua. Mwaka 1929 urefu wake ulikuwa yapata kilomita 50. Mwaka 1939 ulifika kilomita 128. Hata asiyejua tarakimu aliweza kulisoma.

Lililozifanya serikali zilipime bonde hilo kwa bidii ni nzige. Nzige wekundu, walioenea tangu mwaka 1930 hata 1944, waliharibu mazao katika sehemu kubwa ya Afrika iliyo kusini mwa Ikweta, na ikabainika kuwa bonde la Rukwa ni mojawapo ya mazalio yao. Mwaka 1949 liliundwa shirika la kimataifa la kuwazuia, makao yake yakiwa Abercorn, mji uitwao leo Mbala katika Zambia. Mvua, kina cha maji na nyasi za Rukwa zikawa hesabu. Lakini hesabu hiyo iliandikwa kwa Kiingereza, kwa ajili ya wataalamu.

Huko uwandani mkulima alikuwa na hesabu yake. Kwa desturi Wafipa hufukia nyasi katika matuta ya mviringo wakati mvua zinapoelekea kwisha na ardhi ingali na unyevu. Nyasi huoza, na msimu ufuatao matuta hutawanywa ili ulezi upandwe juu ya mbolea hiyo. Kilimo cha namna hii hakitaki kujua kiasi cha mvua tu. Chataka kujua mvua zitakoma lini. Zikikatika mapema, jembe hukuta udongo mgumu, na hasara yake huonekana katika mavuno ya mwaka wa pili.

Siku hizi Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutangaza kwa Kiswahili mwelekeo wa mvua za msimu, zinyeshazo Rukwa tangu Novemba hata Aprili. Ndipo linapotokea neno "wastani". Kwa mtaalamu, wastani ni hesabu ya miaka 30. Kwa msikilizaji wa kawaida, ni mvua ya kutosha. Neno ni moja, maana ni mbili. Mvua iliyo sawasawa na wastani yaweza kunyesha yote kwa majuma machache na kumwacha mkulima mikono mitupu, naye akaona kwamba amedanganywa, hali hakuna aliyesema uongo.

Dawa ya jambo hili haimo katika kamusi peke yake. Katika mradi ulioanza mwaka 2014 katika wilaya za Kiteto na Longido ilifuatwa njia nyingine. Kwa njia hiyo wakulima huwekewa mbele yao mchoro wa mvua za kituo kilicho karibu nao, mwaka baada ya mwaka. Huutafuta mwaka wa njaa wanaoukumbuka, hubishana na mchoro, kisha huhesabu wenyewe: katika miaka 30, ni mingapi zao fulani lingalipata mvua ya kulitosha? Uwezekano, neno zito darasani, hugeuka kuwa kuhesabu miaka kwa vidole.

Kuuliza huko ndiko kunakofaa Ufipa. Hali ya hewa ya dunia inageuka, na kumbukumbu za wazee peke yake hazitoshi kuwa kiongozi; wala tarakimu zisizohojiwa na mwenye shamba hazitoshi. Mchoro wa Sumbawanga ungeonyesha tarehe ya mvua ya mwisho ya kila mwaka, pamoja na jumla yake, mkulima angepata mahali pa kuanzia kuuliza.