Mswidi Aliyewafunza Waingereza Kufundisha Kiingereza

Kozi ya kufundisha Kiingereza kwa wageni, hii ya wiki nne ambayo vijana huifanya Prague au Bangkok kabla ya kutafuta kazi, haikuanzia chuo kikuu. Ilitokana na wanandoa waliokuwa ugenini wakitafuta riziki. Mwaka 1953 John Haycraft, Mwingereza aliyezaliwa India, alihamia Córdoba, kusini mwa Uhispania, pamoja na mkewe Brita, Mswidi. Wakafungua shule ya lugha. Mwaka 1959 walihamia London, wakaanzisha shule iliyokuja kuitwa International House, na matawi yalipoanza kuota nchi nyingine wakakosa walimu. Waliokuwa wakiomba kazi walikijua Kiingereza, lakini darasa hawakulijua.

Ndipo Haycraft, mwaka 1962, akaendesha kozi ya wiki mbili. Baadaye ikawa ya wiki nne, na mwaka 1988 Chuo Kikuu cha Cambridge kikachukua jukumu la kutoa vyeti vyake. Leo ni saa 120, kazi nne za kuandika, na saa 6 za kusimama mbele ya wanafunzi wa kweli.

Hizo saa 6 ndizo roho ya kozi, na nitazitetea popote. Mimi ni mtu wa Tanga, naishi Madrid, na niliifanya hapa. Asubuhi ya kwanza mkufunzi aliingia akatusemesha Kihungari kitupu. Aliinua kikombe, akataja jina lake, akasubiri. Akakiweka mezani, akasema sentensi nzima, akasubiri tena. Hakutafsiri hata neno. Baada ya nusu saa tulikuwa tunaagizana chai kwa lugha ambayo tulipoingia hatukuijua kabisa, na kila mmoja wetu alikuwa ameonja woga wa anayeanza. Alasiri ileile tukapelekwa kwa wanafunzi, wenzetu wamekaa nyuma na kalamu, wakiandika ni dakika ngapi mwalimu amezungumza yeye na ngapi amewaachia wanafunzi. Chuo cha ualimu kinaweza kukulisha nadharia muhula mzima kabla ya kukupeleka kwenye mazoezi ya kufundisha. Hapa nadharia inakuja jioni, ukiwa tayari una swali lako.

Lakini fani hii ilibeba na mzigo mwingine, na huo ulipita kwetu. Januari 1961 wajumbe wa Jumuiya ya Madola walikutana Makerere, Uganda, kujadili ufundishaji wa Kiingereza. Mwaka 1992 Robert Phillipson, katika kitabu chake juu ya ubeberu wa lugha, alichambua imani tano alizoziona katika mkutano ule. Mojawapo ni kwamba mwalimu bora ni yule aliyezaliwa na Kiingereza. Imani hiyo bado inaishi kwenye matangazo ya kazi. Shule moja ya hapa ilinijibu kwamba cheti changu ni kizuri, ila wao wanataka "mzawa wa lugha". Mimi niliyesoma karibu kila somo, kuanzia kemia hadi historia, kwa Kiingereza tangu kidato cha kwanza!

Kinachonikera zaidi ni kwamba historia ya kozi yenyewe inawakanusha. Brita Haycraft hakuzaliwa na Kiingereza, na alichokibobea ni matamshi, mahali ambapo tungeambiwa mgeni hawezi kugusa. Aliwafunza walimu, Waingereza wakiwemo, na mwaka 1971 akatoa kitabu cha kuwaongoza walimu katika kuyafundisha. Mwaka 1994 Péter Medgyes wa Hungaria aliandika kitabu kizima kuwahusu walimu wasio wazawa, akieleza kwamba aliyejifunza lugha anajua njia, kwa sababu ameipita.

Mimi naliona hilo kila jioni. Wanafunzi wangu wengi ni wauguzi wanaotaka kwenda kufanya kazi Ireland. Kihispania kina irabu tano, sawa na Kiswahili, na Kiingereza kina zaidi ya mara mbili ya hizo. Kwao, kama ilivyokuwa kwangu darasani Tanga, meli na kondoo kwa Kiingereza husikika kama neno moja. Mwenzangu wa Manchester huwarudishia neno tena na tena, kwa sauti kubwa zaidi. Mimi nawaanzisha kwenye irabu yao ya "i", ambayo tayari wanayo, nawaambia walegeze midomo, washushe ulimi kidogo, waifupishe. Wakishaitamka ndipo masikio yao huanza kuisikia.