Binti aliyesimamishwa masomo, na bakteria walioshindwa kugawanyika

Julai 8, 2023 alifariki dunia Evelyn Witkin, mwanasayansi wa Marekani, akiwa na umri wa miaka 102. Ni yeye aliyetuonyesha njia ya kuelewa jinsi seli iliyochomwa na miale ya urujuanimno, ile iliyomo katika mwanga wa jua, inavyosimama kwanza kabla ya kujigawa. Lakini habari zake hazianzii maabara. Zinaanzia uwanja wa mpira.

Mwaka 1940 alikuwa akisoma Chuo Kikuu cha New York, jina lake wakati huo Evelyn Maisel. Timu ya chuo ya futiboli ya Kimarekani ilikuwa na mchezaji mweusi, Leonard Bates. Wenyeji wao katika mechi moja, Chuo Kikuu cha Missouri, hawakutaka mtu mweusi uwanjani, na wakuu wa chuo cha New York wakakubali kumwacha Bates nyumbani. Wanafunzi waliandamana na kukusanya saini. Machi 1941 saba kati yao, Evelyn akiwamo, walisimamishwa masomo kwa miezi mitatu. Aliporudi na kuhitimu kwa kuchelewa, hakuendelea hapo. Akaenda Chuo Kikuu cha Columbia kwa bingwa wa jenetiki, Theodosius Dobzhansky. Chuo kilichowaadhibu kiliwaandalia hafla ya heshima mwaka 2001, miaka 60 baadaye. Walistahili heshima hiyo wangali vijana.

Ni kwa Dobzhansky alikopata njia ya kufika maabara ya Cold Spring Harbor, kiangazi cha 1944. Hakuwa na uzoefu wa bakteria. Aliwamulika E. coli kwa taa ya urujuanimno, kipimo kikazidi mno, na karibu wote wakafa. Sahani moja ilibaki na makoloni manne. Mwingine angeiosha aanze upya. Yeye akauliza hawa wamenusurikaje. Chini ya hadubini aliona kwamba wale wa kawaida, wakishamulikwa, hurefuka kama nyuzi bila kukatika mpaka wafe. Walionusurika waliendelea kugawanyika.

Jibu kamili lilichukua miongo. DNA ikiharibika, bakteria hutengeneza protini iitwayo SulA, ambayo huzuia kuundwa kwa pete inayoikata seli katikati. Hiyo ndiyo breki. Matengenezo yakiisha, protini nyingine, Lon, huiondoa SulA. Bakteria wa aina aliyotumia Witkin hawakuwa na Lon, kwa hiyo breki ikishakanyagwa haiachii. Walionusurika walikuwa wamepoteza breki yenyewe. Mwaka 1967 Witkin alipendekeza kwamba kurefuka huko ni sehemu ya mwitikio mmoja wa seli. Mwanasayansi Miroslav Radman akauita SOS, kama wito wa meli inayozama.

Mwaka 1988 wanasayansi Ted Weinert na Leland Hartwell walionyesha breki ya namna hiyo katika hamira. Kwa binadamu, protini mashuhuri katika kazi hiyo ni p53. Witkin alipata Tuzo ya Lasker mwaka 2015, pamoja na Stephen Elledge.

Jua kali linaweza kuiharibu hata jeni ya p53, na hapo saratani ya ngozi hupata mwanya. Ndugu zetu wenye ualbino ndio walio hatarini zaidi. Losheni ya kukinga jua ya KiliSun hutengenezwa hospitali ya KCMC, Moshi, kwa ajili yao. Wenye mamlaka wahakikishe kila zahanati nchini inayo, na mwenye ualbino anaipata bila kulipa.