Dean & DeLuca: Duka Lililowafundisha Waamerika Kula

Ukipita sehemu iitwayo SoHo mjini New York leo utaona maduka ya nguo za bei isiyoshikika. Lakini miaka ya 1970 hapakuwa hivyo. Zilikuwa ni karakana kuukuu, nyingi zimehamwa, na waliokuwa wakiishi humo ni wasanii waliotafuta nafasi kubwa kwa kodi ndogo. Usiku mtaa ulikuwa giza tupu.

Hapo ndipo Giorgio DeLuca alipofungua kiduka cha jibini mwaka 1973, katika barabara ya Prince. Alikuwa mwalimu wa historia aliyeacha chaki. Babake alikuwa akiingiza vyakula kutoka Italia, kwa hivyo kijana alijua tangu utotoni mafuta ya zeituni yana harufu gani. Miongoni mwa wateja wake alikuwa Joel Dean, meneja wa biashara katika kampuni ya kuchapisha vitabu. Wakazungumza, wakaelewana, na mwaka 1977 wakafungua duka pamoja katika barabara hiyo hiyo. Wa tatu wao alikuwa Jack Ceglic, msanii, ambaye jina lake halikuandikwa mlangoni ingawa sura yote ya duka ni kazi yake: kuta nyeupe, marumaru, na rafu za chuma kama za jikoni mwa hoteli. Mali ilipangwa wazi mteja aione na ainuse. Kwetu tuliozoea marikiti hilo si jambo geni, lakini kwa Mwamerika wa wakati ule, aliyezoea jibini la manjano lililokatwa vipande na kufungwa kwenye plastiki, lilikuwa ajabu.

Wenyewe walisafiri Ulaya kutafuta mali. Siki nyeusi ya Modena, nyanya zilizoanikwa juani, mafuta ya zeituni ya mkamuo wa kwanza: vitu hivi vilitoka Italia, na duka hili ni mojawapo ya yaliyovitia katika jikoni za Marekani. Kulikuwa pia na vyakula vilivyopikwa tayari, chini ya mpishi Felipe Rojas-Lombardi, mzaliwa wa Peru. Bei ilikuwa juu, na watu walilalamika huku wakinunua!

Mwaka 1988 walihamia jengo kubwa pale Broadway, kwenye pembe ya Prince. Kufikia hapo mtaa wenyewe ulikuwa umeshageuka, matajiri wamekuja, na wale wasanii wengi hawakuweza tena kulipa kodi. Miaka ya tisini Leslie Rudd, mfanyabiashara wa Kansas, alichukua usukani, na katika miaka hiyo matawi yalifunguliwa Washington, Charlotte na bonde la Napa. Joel Dean alifariki mwaka 2004. Jina nalo likavuka bahari kwa leseni: Japani mwaka 2003, kisha nchi nyingine za Asia na miji ya Ghuba kama Dubai, ambako mara nyingi lilikuwa mkahawa zaidi kuliko duka.

Mwaka 2014 kampuni ya Pace ya Thailand ililinunua kwa dola milioni 140. Pace kazi yake ilikuwa kujenga majumba, si kuuza jibini, na nadhani hapo ndipo pa kutazamwa vizuri. Chakula cha namna hii huharibika haraka. Usipokiuza leo kesho ni taka. Na muoka mikate au mtengeneza jibini huleta mali kwa mkopo, akitumaini kulipwa baada ya wiki kadhaa. Pesa za mzunguko zikikwama, wa kwanza kuumia ni huyo mdogo. Mwaka 2018 Pace, ikielemewa na madeni, iliuza sehemu kubwa ya MahaNakhon, jumba lake la orofa 77 mjini Bangkok, kwa kampuni ya King Power. Huku New York rafu zilianza kuwa tupu. Mwaka 2019 waokaji na wauzaji wadogo walijitokeza magazetini wakisema wanadai na hawalipwi, na wengine wakaacha kuleta mali. Ajabu ni kwamba mwaka huo huo kampuni ilifungua mkahawa mpya wa kifahari mjini humo, uliofungwa baada ya miezi michache tu.

Msomaji wa Kenya hahitaji kufafanuliwa sana, kwani tuliona rafu za Nakumatt zikibaki tupu kwa njia hiyo hiyo, mpaka wadai walipopiga kura Januari 2020 kampuni ifilisiwe. Wenye jina kubwa huzungumza na mabenki. Mwenye kuleta maziwa husubiri mlangoni.

Duka la Broadway lilifungwa Oktoba 2019, na mwishoni mwa Machi 2020 kampuni ikaenda mahakamani kuomba kinga ya kufilisika. Lakini jina halikufa. Japani, ambako biashara iko mikononi mwa kampuni ya huko huko, maduka yaliendelea kama kawaida, na Hawaii vilevile. Mjini Tokyo ule mfuko wa turubai wenye maandishi DEAN & DELUCA uliendelea kuonekana mabegani mwa watu garini moshi, wengi wao hawajawahi hata kukanyaga SoHo.