Nyutrino na kiini cha atomi: hesabu inayowasumbua wanafizikia

Juzi baada ya Isha, kijana wetu mmoja anayesoma fizikia chuo kikuu alitukuta barazani tukicheza keram. Akasema, "Ami, mimi nakokotoa jinsi nyutrino zinavyogonga viini vya atomi." Wazee wakacheka. Mimi na diploma yangu ya umeme nikarudi nyumbani nikasoma siku tatu.

Nyutrino ni chembe isiyo na chaji, nyepesi mno, inayopenya ardhi kana kwamba haipo. Huko Japani hutengenezwa Tokai, zikasafiri kilomita 295 chini kwa chini hadi tangi la Super-Kamiokande lenye tani 50,000 za maji. Njiani hubadilika aina, na kiasi cha kubadilika hutegemea nishati ya kila moja. Tatizo ni kuwa zinatoka zikiwa na nishati mchanganyiko, nazo hazionekani. Kinachoonekana ni chembe zinazoruka zikigonga kiini, na kutoka hapo nishati inakisiwa kinyumenyume.

Ifunike meza ya keram kwa shuka, uache mashimo tu. Kete mbili zimeingia shimoni. Je, mchezaji alipiga kwa nguvu gani? Huwezi kujibu bila kujua kete zilivyopangwa. Na kiini kina balaa zaidi: protoni na nyutroni hazitulii, nyingine zimeshikana mbili mbili, na iliyogongwa yaweza kugonga wenzake kabla haijatoka.

Mwaka 2010 wanasayansi wa MiniBooNE, pale Fermilab Marekani, walichapisha vipimo vyao: migongano ilikuwa mingi kuliko modeli ilivyotabiri. Modeli ilidhani nyutrino hugonga nyutroni moja tu. Martini na wenzake walikuwa wameshaeleza 2009 kwamba mbili zaweza kutolewa kwa pigo moja. Ukizihesabu kama moja, nishati unaipunja.

Ndipo elektroni zikaitwa. Hizo nishati yake inajulikana kabla ya kupigwa. Mwaka 2021 ilichapishwa kazi iliyotumia vipimo vya Jefferson Lab, Virginia: elektroni zilizogonga heli, kaboni na chuma zilikokotolewa kwa njia za nyutrino, kisha jibu likalinganishwa na nishati halisi. Mara nyingi halikupatana, na programu za kuiga migongano nazo zilikosea. Lakini elektroni si tiba kamili. Inagonga kwa kani ya sumakuumeme, nyutrino kwa kani dhaifu, na kani hiyo ina sehemu ambayo elektroni hizo hazituonyeshi.

Sasa Marekani wanajenga DUNE, kilomita 1,300, kwa argoni: protoni 18, nyutroni 22. Wanataka kulinganisha nyutrino na antinyutrino, wajue kwa nini ulimwengu umebaki na maada. Kosa dogo ndani ya kiini laweza kudhaniwa ndilo jibu lenyewe.

Kijana amepewa argoni. Nimemuuliza ataanzia wapi, akasema, "Kwa elektroni, Ami."