Maua Yasiyoungua: Kinywe, Gesi na Jiko la Naipingo

Jiko la gesi la mezani, lile lenye sahani mbili na uso wa kioo cheusi, huuzwa kwa sura yake. Muuzaji humwonyesha mteja kwanza maua mekundu yaliyotanda juu ya kioo, ndipo amwonyeshe vali, mpira na mahali pa kuwashia. Ua lile si rangi ya kupakwa kwa brashi. Ni unga wa kioo uliochanganywa na oksaidi za metali, ukachapwa juu ya kioo na kuchomwa katika tanuri kwa zaidi ya nyuzi joto 600, hata pambo na kioo vikawa kitu kimoja. Rangi ya mafuta ingeungua siku ya ugali wa kwanza. Ninataka kulifuata ua hilo kinyumenyume, kwa sababu historia ya pambo linalostahimili moto wa nyumbani inapita karibu sana na Naipingo, kata ya wilaya ya Nachingwea. Inapita chini ya ardhi ya jirani zake wa Ruangwa, na wanaopika juu ya ardhi hiyo hawakuwahi kuulizwa neno.

Tuanze na mafiga. Wanasiasa wetu wamelitumia neno hili mno, hata kijana wa leo akisikia "mafiga matatu" anafikiria kura za rais, mbunge na diwani kabla hajafikiria mawe. Lakini figa ni jiwe, na juu ya mawe matatu hukaa chungu. Wafinyanzi wa Afrika Mashariki, wengi wao wanawake, walilitatua zamani tatizo ambalo viwanda vya Ulaya vilikuja kuhangaika nalo: namna ya kukipamba chombo kitakachoishi motoni. Jibu lao lilikuwa kutoipaka rangi sehemu inayolambwa na ndimi za moto. Nakshi ilikwaruzwa au kukandamizwa kwenye udongo ungali mbichi, ikawekwa shingoni na mabegani mwa chungu, kisha chungu kikachomwa pamoja na nakshi yake. Mstari uliochimbwa katika udongo hauna cha kuungua. Masizi yanapokipaka chungu weusi, mistari ile huendelea kusomeka kwa vidole.

Huko Buganda wafinyanzi wa ikulu walikwenda mbali zaidi. Walisugua vyungu vyao kwa madini ya kinywe mpaka vikang'aa kwa weusi wa fedha. Kinywe ni kaboni tupu iliyopangika tabaka juu ya tabaka, laini kiasi cha kuacha alama kidoleni, na ndiyo iliyomo katika penseli ya mtoto wa shule. Ila ulaini wake unadanganya. Madini haya hayayeyuki katika tanuri yoyote ya kawaida, na katika hewa ya wazi huhitaji mamia kadhaa ya nyuzi joto kabla hayajaanza kuungua polepole. Kwa mpambaji wa vitu vya motoni, hiyo ni zawadi.

Waingereza waliligundua hilo kwa njia ya vita. Kinywe cha Borrowdale, kaskazini mwa Uingereza, kilitumika kupaka kalibu za kusubia risasi za mizinga, na thamani yake ilipanda hata mwaka 1752 Bunge lao likatunga sheria ya kumtia hatiani mtu aingiaye mgodini kwa nia ya kukiiba. Nawaomba wanafunzi wa sheria waitazame sheria hiyo mara mbili. Dola iliyokuja kutufundisha kwamba madini yetu ni bidhaa ya kusafirishwa ghafi ilikuwa, zaidi ya karne moja kabla ya kufika kwetu, imeyawekea ya kwake ulinzi wa jinai.

Karne ya 19 ilikitoa kinywe katika mizinga ikakiingiza sebuleni. Nyumba za Uingereza na Marekani zilipojaa majiko na vyungu vya moto vya chuma, chuma hicho kiliota kutu na kuonekana kichafu, na hakuna rangi iliyokaa juu yake. Dawa ikawa unga wa kinywe uliokorogwa na kusuguliwa kwa brashi mpaka chuma kikang'aa. Huko Salem, Massachusetts, Joseph Dixon alianza biashara yake mwaka 1827 kwa dawa ya kung'arishia majiko na kwa penseli, kisha akaelekea kwenye vyungu vya kuyeyushia metali. Malighafi nyingi ya biashara ya namna hiyo ilitoka Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo. Wasichana wa kazi wa nyumba za Kiingereza waliamka alfajiri kusugua majiko kwa unga huo, na mikono yao haikutakata. Ndiyo kusema, kabla kinywe hakijawa "madini ya kimkakati" ya betri za magari, kilikuwa kipodozi cha jiko.

Kisha ikaja gesi, na gesi ilileta aibu mpya kwa wauzaji wake. Moto wake ukichomwa vizuri ni wa buluu, mwembamba, hauna makaa mekundu ya kutazama jioni ya baridi. Watu waliozoea kuni na mkaa wa mawe waliuona kama moto usio na roho. Watengenezaji wakaweka mbele ya ndimi za gesi vitu vya kuwaka wekundu: vipande vya udongo wa kuchomwa na nyuzi za asbesto. Mapambo hayo hayakuwa ya bure, kwa kuwa yalipokea joto la gesi na kulitawanya chumbani. Ndugu yao tunamjua vizuri. Ile soksi ya karabai iliyoangazia harusi na ngoma za Pwani ni wazo lilelile: kitu kisichoungua kinawekwa ndani ya ndimi za moto ili king'ae badala yake. Carl Auer von Welsbach wa Austria aliipatia hataza soksi hiyo mwaka 1885.

Asbesto inastahili aya yake. Kampuni ya Cape Asbestos ilianzishwa London mwaka 1893 kuchimba asbesto ya buluu ya Afrika Kusini, na mji wa Prieska ukawa mmoja wa vituo vyake. Wanawake na watoto walifanya kazi katika vumbi hilo. Madhara yake kwa mapafu huchelewa kwa miongo kadhaa, na kuchelewa huko kulikuwa faida kwa wenye mali. Ilipofika mwaka 2000, mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, iliyokuwa ndani ya Baraza la Mabwana, iliwaruhusu wadai zaidi ya 3,000 wa Afrika Kusini kuishtaki kampuni hiyo London kwenyewe. Uingereza ilikamilisha marufuku ya asbesto mwaka 1999. Siku hizi magogo ya bandia katika mioto ya gesi ya Ulaya hutengenezwa kwa nyuzi za kauri. Sebule zilibadilisha pambo bila shida. Prieska haikuweza kubadilisha mapafu.

Sasa turudi Lindi. Miamba ya ukanda wa kale unaotoka Msumbiji kupanda kaskazini imebeba kinywe kilichotokana na mata ya viumbe wa bahari zilizozikwa, zikabanwa na kupikwa kwa mamia ya mamilioni ya miaka. Ukanda huohuo ndio ulioifanya Merelani kuwa na kinywe pamoja na tanzanaiti yake. Wilayani Ruangwa kuna miradi ya Lindi Jumbo, Nachu na Chilalo, yote ikisifiwa kwa jambo moja, yaani ukubwa wa vipande vyake. Kinywe cha vipande vikubwa kinaweza kulowekwa katika tindikali ili, kikipata joto, kifumuke mara mamia ya ukubwa wake na kuzuia moto usipenye. Hutiwa katika vifaa vya ujenzi na godoro za viti, na hukandamizwa kuwa karatasi za kuzibia mabomba ya moto. Pambo la jiko limekuwa ngao ya nyumba nzima.

Aprili 2023 Serikali ilitia saini mkataba wa Chilalo, yenyewe ikichukua asilimia 16 ya hisa zisizopungua, kwa mujibu wa sheria iliyorekebishwa mwaka 2017. Ni hatua kubwa kuliko tulikotoka, na wanaoibeza hawakumbuki mikataba ya miaka ya 1990. Hata hivyo asilimia za hisa hazijibu swali la ufundi. Kuchimba, kuponda, kuelea na kukausha vitafanyika Ruangwa; tindikali, karatasi na betri vinafanyika wapi? Dixon hakuwa na mgodi Ceylon. Alikuwa na karakana.

Na gesi nayo inachekesha kwa uchungu. Songo Songo iko katika mkoa huuhuu wa Lindi. Gesi yake iligunduliwa mwaka 1974 na kuanza kutumika mwaka 2004, zaidi kwa umeme na viwanda vya Dar es Salaam. Mwaka 2013 Mtwara iliwaka kwa sababu ya bomba la pili, na watu walikufa. Serikali ilipozindua mkakati wa nishati safi ya kupikia mwezi Mei 2024, wenye lengo la kufikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, mtungi wa gesi ukawa ndio picha yake. Lakini gesi ya Songo Songo ni methani karibu yote, na methani haigeuki kimiminika mpaka ipozwe hadi nyuzi 162 chini ya sifuri. Haiingii katika mtungi wa kawaida. Kinachoingia ni propani na butani, na hivyo huletwa kwa meli kutoka nje. Mama wa Naipingo akibadilisha mtungi wake analipia bandari, lori na barabara, wakati gesi ya mkoa wake inasafiri bombani kuelekea kaskazini.

Nachingwea imewahi kuona mradi mkubwa usiouliza wenyeji wanachopika. Waingereza walikuja mwaka 1947 kulima karanga ili raia wao wapate mafuta ya kula. Wakajenga reli kutoka Mtwara. Karanga zikashindwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikafungwa na kung'olewa.

Sheria ya Madini inamtaka mwenye leseni aandae kila mwaka mpango wa wajibu wake kwa jamii, akubaliane na halmashauri ya mahali mgodi ulipo. Watumishi wa Ruangwa mnaosoma hapa, mpango huo ni hati ya umma. Madarasa na zahanati hujaza kurasa zake za kwanza, na ni haki. Ningependa kuona katika kurasa zinazofuata tanuri moja, maabara moja ya kupima udongo na kinywe, na wafinyanzi wanawake wa Ruangwa na Nachingwea wakilipwa kujaribu majiko yao humo.