Mangi Meli wa Moshi: Mrithi wa Zama Zilizogeuka

Wako watawala wa zamani katika nchi yetu ambao majina yao hutajwa darasani kila mwaka. Mirambo wa Unyamwezi ni mmoja, Mkwawa wa Uhehe ni mwingine. Wako pia wengine walioongoza nchi ndogo, ambazo mtu angeweza kuzivuka kwa miguu katika saa chache, na hao aghalabu hutajwa kwa sentensi moja tu. Katika makala haya tunakusudia kumchunguza mmoja wao, Mangi Meli wa Moshi, aliyeshika utawala mwaka 1891 na kunyongwa na Wajerumani tarehe 2 Machi 1900.

Tunamchagua Meli kwa sababu maisha yake yanatulazimisha kujibu swali gumu. Wanaomsimulia hugawanyika mara nyingi katika makundi mawili. Wako wanaomsifu kuwa shujaa asiye na dosari. Wako pia wanaomhukumu kuwa kijana aliyeshindwa kulinda alichoachiwa na baba yake. Kauli zote mbili ni nyepesi mno. Swali linalofaa kuulizwa ni hili: mtu aliyerithi utawala mwaka ule alipaswa kujua nini, na nani angeweza kumfundisha?

Kwanza hatuna budi kuifahamu nchi yenyewe. Moshi tunayoizungumzia si mji wa leo, ambao ulikua tambarare baada ya reli kutoka Tanga kufika huko mwanzoni mwa karne ya 20. Ni nchi iliyo juu, katika miteremko ya Kilimanjaro, ambayo sasa huitwa Old Moshi. Wachaga wa karne ya 19 hawakuwa na dola moja. Mlima uligawanyika katika nchi nyingi ndogo, kila moja ikiwa na mangi wake: Machame, Kibosho, Moshi, Kilema, Marangu, Siha na nyinginezo. Mara nyingi mpaka kati ya nchi na nchi ulikuwa bonde la mto. Watu waliishi katika vihamba vyao vya migomba, wakayaongoza maji ya mlima kwa mifongo waliyoichimba na kuitunza kwa kazi ya pamoja. Vijana walilelewa kwa marika, nao ndio waliokuwa askari wa mangi, na pia nguvu kazi yake.

Nchi hizo zilishindana. Misafara ya biashara kutoka Pangani, Tanga na Mombasa ilipanda mlimani kutafuta pembe za ndovu na watumwa, na mangi aliyeipokea alipata bunduki, baruti, nguo na shanga. Aliyekosa misafara alibaki na mikuki. Hivyo ukubwa wa mangi ulitegemea sana uwezo wake wa kuwavuta wageni na kuwazuia wasiende kwa jirani yake.

Katika sanaa hiyo hakuna aliyempita Rindi, baba yake Meli, aliyejulikana sana kwa jina la Mandara. Nchi yake ilikuwa ndogo, lakini sifa yake ilivuka bahari. Alizungumza Kiswahili kwa ufasaha, na kwa lugha hiyo aliongea na wafanyabiashara wa pwani na na Wazungu bila kumhitaji mkalimani wa mtu mwingine. Alimpokea mmisionari Charles New mwaka 1871, na Harry Johnston mwaka 1884. Mwaka 1885 aliwaruhusu wamisionari wa Kianglikana kukaa nchini mwake. Katika mwaka huohuo aliwapokea wajumbe wa Sultani wa Zanzibar waliotaka bendera ya Sultani itambuliwe, kisha akafanya mkataba na Karl Jühlke wa kampuni ya Wajerumani. Baadaye alituma wajumbe wake mwenyewe mpaka Berlin.

Wengi wamemwita Mandara mjanja, na kweli alikuwa mjanja. Lakini tuuangalie ujanja huo ulisimama juu ya nini. Ulisimama juu ya kuwapo kwa wageni wengi wenye kushindana wao kwa wao. Maadamu Sultani, Mwingereza na Mjerumani kila mmoja alimtaka, Mandara aliweza kumwahidi huyu, kumkubalia yule, na kubaki bwana nyumbani kwake. Mapatano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka 1886 yalipouweka mlima upande wa Wajerumani, na yale ya mwaka 1890 yalipoithibitisha mipaka, mashindano yale yalikwisha. Akabaki mgeni mmoja tu, naye hakujiona tena kuwa mgeni.

Mandara aliwahi kuyatumia mabadiliko hayo kwa faida yake kwa mara ya mwisho. Mwezi Februari 1891 Hermann von Wissmann alikishambulia Kibosho na kumshinda Mangi Sina, adui mkubwa wa Moshi, na watu wa Mandara walikuwa upande wa Wajerumani. Pengine siku ile ilionekana kuwa ya ushindi kwa Moshi. Kwa hakika ilikuwa ni siku ambayo nguvu ya mlima ilianza kuhamia mikononi mwa mtu asiye wa mlima. Kabla mwaka haujaisha Mandara alifariki, na Meli akakaa katika kiti chake angali kijana.

Hapa ndipo tunapoona maana ya kusema kwamba mrithi huyu hakuandaliwa. Hatusemi kwamba hakulelewa. Mtoto wa mangi alifunzwa mila, alijua kusema mbele ya wazee, alipita katika rika lake na kujua vita. Malezi hayo yalimwandaa barabara kutawala nchi ya Kichaga miongoni mwa nchi nyingine za Kichaga. Lakini ustadi wa baba yake wa kucheza na mataifa ulikuwa mali ya mtu binafsi. Haukuwa baraza wala desturi ambayo mrithi angeikuta imesimama. Na hata kama Meli angeurithi ustadi huo wote, uwanja wa kuutumia ulikuwa umefungwa.

Zaidi ya hayo, Wajerumani walikwisha kuiacha Moshi. Mwaka 1891 Carl Peters, aliyekuwa kamishna wa serikali ya Ujerumani katika Kilimanjaro, aliweka kituo chake Marangu kwa Mangi Marealle. Neema ambayo Mandara aliijenga kwa miaka mingi ikahamia kwa jirani. Utawala wa Peters ulikuwa wa kikatili. Aliwanyonga mtumishi wake Mabruk na msichana wa Kichaga aitwaye Jagodja, na kwa ajili ya mambo hayo alifukuzwa kazi mwaka 1897. Huo ndio uso wa serikali mpya ambao mangi kijana aliuona katika miezi yake ya kwanza.

Mwezi Juni 1892 Luteni von Bülow alitoka Marangu na askari wake ili kuitiisha Moshi. Vita vilipiganwa katika vihamba na mabonde ambayo watu wa Meli waliyajua kama viganja vya mikono yao. Wajerumani walishindwa; Luteni Wolfrum aliuawa, na Bülow mwenyewe akafa kwa majeraha. Haukuwa umepita hata mwaka mmoja tangu Mkwawa alipokiangamiza kikosi cha Zelewski huko Lugalo, mwezi Agosti 1891. Kwa hiyo ushindi wa Moshi, nchi ndogo kuliko Uhehe mara nyingi, ulikuwa fedheha ambayo serikali ya Ujerumani haikuwa tayari kuivumilia. Wajerumani waliwatuhumu wamisionari wa Kianglikana kwamba walimsaidia Meli, nao wakalazimika kuondoka Moshi mwaka huohuo na kuhamia Taveta. Mangi akapoteza mashahidi wa mwisho ambao wangeweza kupeleka habari zake kwa wakubwa wa Ulaya.

Wasomaji vijana yafaa waitafakari hali ya Meli baada ya ushindi ule. Alikuwa amefanya yote aliyofunzwa kufanya, na ameyafanya vizuri. Katika vita vya zamani, jirani aliyepigwa hivyo angerudi kwake, angetuma wajumbe, na mapatano yangefuata. Lakini adui huyu mpya hakuwa jirani. Nyuma ya kikosi kimoja palikuwa na kingine, na nyuma ya hicho palikuwa na hazina na viwanda vya dola iliyo mbali. Mwezi Agosti 1893 Friedrich von Schele alipanda mlimani na jeshi kubwa lenye mizinga, akisaidiwa na wapiganaji wa Marealle, na Moshi ikashindwa. Wajerumani wakajenga boma lao katika nchi ya Meli.

Meli hakuuawa wakati huo. Alibaki mangi, lakini mangi wa namna nyingine. Zile nguvu za marika zilizokuwa zikichimba mifongo na kulinda nchi, sasa zilitakiwa na boma kwa kazi za boma. Mangi aliyezipeleka alichukiwa na watu wake, na asiyezipeleka alionekana mwasi. Hii ndiyo hila kuu ya utawala wa kikoloni: kumwacha mtawala katika kiti chake, huku kiti chenyewe kimekwisha kugeuzwa kazi.

Miaka ya mwisho ya karne ilijaa tuhuma. Mwanzoni mwa mwaka 1900 Kapteni Johannes, mkuu wa boma la Moshi, aliambiwa kwamba viongozi kadhaa wamepanga njama ya kuwaasi Wajerumani, na masimulizi ya Wachaga yanamtaja Marealle kuwa ndiye aliyepeleka habari hizo. Tarehe 2 Machi 1900 watu 19 walinyongwa Old Moshi, miongoni mwao Meli, Molelia wa Kibosho na Ngalami wa Siha, pamoja na viongozi kutoka Meru na Arusha.

Tusikimbilie kumtwika Marealle lawama yote. Naye alikuwa mtawala wa nchi ndogo, akifanya lile ambalo Mandara alilifanya kabla yake: kumtumia mgeni dhidi ya jirani. Wakoloni hawakuleta ugomvi mlimani. Waliukuta, wakaunoa, wakautumia. Wahenga walisema kwamba umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu. Lakini umoja haukuja kwa kutamaniwa tu. Ulihitaji miaka ya kuaminiana, na miaka hiyo mangi wa Kilimanjaro hawakuipata.

Habari ya Meli haikuishia mtini. Masimulizi ya ukoo wake yanasema kwamba kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani, na wazao wake wamekitafuta kwa miongo mingi. Mwezi Septemba 2023 taasisi inayosimamia makumbusho ya Berlin ilitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimeonyesha uhusiano kati ya mafuvu matatu na familia za Kitanzania zilizo hai. Mojawapo la mafuvu hayo lilikuwa la mshauri wa Meli. Fuvu la mangi mwenyewe halikuwamo miongoni mwa yaliyotambuliwa.

Basi tumhukumuje? Tunaona kwamba kumlaumu kijana huyu kwa kutokuandaliwa ni kuulaumu mlima mzima, kwani hakuna shule katika Kilimanjaro ya 1891 iliyofundisha jinsi ya kupambana na dola ya viwanda. Hata hivyo habari yake inalo fundisho. Nchi inayotegemea akili ya mtu mmoja huzikwa pamoja na mtu huyo. Ujuzi wa kuongoza, kama maji ya mfongo, haufiki shamba la mwisho isipokuwa umechimbiwa njia mapema, na kwa mikono ya wengi. Walimu wanaomfundisha Meli darasani wamwoneshe akiwa amesimama pale aliposimama, kati ya hekima ya zamani aliyoijua na nguvu mpya ambayo hakuna aliyemweleza habari zake. Hapo wanafunzi watamheshimu kwa haki, na watajiuliza wenyewe wanaandaliwa kwa ajili ya zama zipi.